Aliyemsikilizia Agripina

Watu wa Ulemo wakimtaja Agripina husema ni mama mvumilivu. Wanasema hivyo kwa sababu hawamjui. Agripina hajawahi kuwa mvumilivu hata siku moja. Alipokuwa msichana aliwahi kumfuata mbuzi aliyekula kanga yake mpaka kijiji cha pili, akarudi na mbuzi na mwenye mbuzi. Miaka kumi na moja ambayo watu walimwona akikaa kimya alikuwa anatii tu amri ya mtu aliyempenda, na ilikuja kujulikana kwamba amri yenyewe haikuwahi kutolewa. Tutafika huko.

Masikio kwanza. Hakuzaliwa kiziwi. Aliolewa na Damiani, wakahamia Sekenke kama wengi wa rika lao. Damiani akaingia mashimoni kutafuta dhahabu, na yeye akapata kibarua cha kulisha mawe kwenye karasha, ile mashine inayoponda mawe mpaka yawe unga. Alisimama pembeni yake miaka tisa, kuanzia asubuhi mpaka jua linapoinama, na hakuna aliyemwambia azibe masikio. Jioni kichwa kilikuwa kinavuma kama mzinga wa nyuki. Wenzake walimwambia ni uchovu, na yeye alikubali kwa sababu kweli alikuwa amechoka.

Walirudi Ulemo bila dhahabu ya kuonyesha mtu. Walirudi na mtoto mmoja, Dina, na Damiani alirudi na kifua kilichojaa vumbi, na Agripina alirudi na masikio ambayo kila mwaka yalipungua kidogo, kama sabuni. Kwa kuwa Damiani hakuweza tena kuinua jembe, mkewe ndiye aliyelivunja shamba la mbugani, ekari tatu za udongo mweusi, misimu miwili ya kung'oa visiki na kuchoma miiba, huku mume amekaa juu ya jiwe anakohoa na kumwonyesha kwa mkono pa kuanzia. Kila aliyepita njia ya mbugani miaka hiyo alimwona. Kumbukeni hilo, maana baadaye watu walijifanya wamesahau.

Ndipo akaja Theodora. Huyu ni dada yake Damiani, mwanamke mrefu, mcheshi, mwenye maneno yanayoteleza kama mlenda. Ndoa yake ya Mkalama ilikuwa imevunjika, akarudi kwa kaka yake na mtoto wake Calist. Wakati huo Agripina alikuwa hasikii mpaka mtu amsogelee sikio la kulia na kupaza sauti. Majirani waliona taabu, na mimi siwalaumu sana, kupiga kelele ili kusalimia tu kunachosha. Theodora akaichukua kazi hiyo bila kuombwa. Akawa anamsikilizia. Mtu akija na habari humwambia Theodora, na Theodora humsogelea wifi yake na kumpigia sikioni. Watu wanazungumza robo saa, Agripina analetewa maneno manne. Akiuliza walikuwa wanacheka nini, Theodora anatikisa mkono, mambo ya kawaida tu, wifi.

Siku Damiani anakata roho, sauti yake ilikuwa imebaki uzi. Agripina alikuwa amemshika mkono, anaona midomo inacheza na hapati kitu. Theodora aliinama, akaweka sikio lake kinywani kwa kaka yake, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akazunguka kitanda, akaja kwenye sikio la kulia la Agripina.

"Anasema uvumilie! Mambo yote umwachie dada yake! Wewe uvumilie!"

Damiani alikuwa anamtazama mkewe, anangoja jibu. Agripina akaitikia kwa kichwa. Mume akafumba macho, na jioni ile ile akafariki.

Kwa hiyo alivumilia. Kwenye kikao cha ukoo cha kumaliza msiba Theodora alimsemea. Shamba la mbugani akapewa Calist alilime kwa muda, na muda huo ukawa miaka kumi na moja. Agripina alipewa kipande cha mlimani chenye mawe, na akalima mawe. Dina akipiga simu kutoka Singida mjini, Theodora ndiye anayepokea na kusema mama yako hajambo, yuko shambani. Mara nyingi Agripina alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale, anachambua dengu. Hasira zilikuwepo. Kila zilipopanda alimkumbuka Damiani jinsi alivyomtazama akingoja jibu, akazimeza.

Mwaka jana Dina alijifungua. Mama mzazi ndiye anayekwenda kumkanda mwanawe na kumwogesha mjukuu, hilo hata Theodora asingeweza kulizuia, na isitoshe ulikuwa msimu wa alizeti, lazima mmoja abaki. Agripina akaenda peke yake. Wiki ya tatu Dina alimpeleka hospitali ambako walikuwa wamekuja wataalamu wa masikio. Wakamvalisha vitu kichwani, wakamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Hakunyoosha sana. Baada ya siku kadhaa aliitwa tena, akavalishwa mashine mbili, kila moja kama haragwe kubwa, zinakaa nyuma ya sikio na kijibomba chembamba kinachoingia ndani.

Kitu cha kwanza kusikia kilikuwa pua. Mtaalamu, kijana mwembamba mwenye mafua, alikuwa anavuta kamasi. Agripina akamgeukia Dina na kusema, "Huyu anaumwa," na Dina akaanza kulia. Sauti ya kulia ya Dina nayo ilikuwa ngeni. Mara ya mwisho kuisikia vizuri alikuwa binti wa miaka kumi na tisa mwenye sauti ya juu, akamkuta mwanamke mzima mwenye sauti nzito ya baba yake.

Mtaalamu alimfundisha matunzo, na Agripina akamrudishia maneno yake moja moja mpaka kijana akaridhika. Azivae masaa machache kwanza, ndani ya nyumba tulivu, mpaka kichwa kizoee. Asioge nazo. Asipake mafuta ya nywele karibu yake. Azifute kwa kitambaa kikavu kila siku, na nta ya sikio aitoe kwa kile kiburashi kidogo. Akilala azitoe, afungue kile kimlango cha betri, na aziweke ndani ya kopo lenye kifuko cha kukaushia unyevu. Betri ni ndogo kama punje ya dengu na ina kikaratasi cha rangi. Akikibandua angoje dakika moja ndipo aiweke. Zaidi ya yote, aziweke mbali na watoto na kuku, maana kuku wa Singida hana adabu, atameza chochote kinachong'aa.

Ilikuwa nia yake kumfurahisha Theodora. Hili mliandike, kwa sababu watu wengine wanasema Agripina alirudi na nia mbaya. Alimnunulia kitenge. Njiani alikuwa anafikiria atakavyoingia uani na kumjibu salamu kabla hajasogelewa, na wifi atakavyoshika kifua.

Alifika mchana, kilemba kimefunika masikio kwa sababu ya vumbi la njia. Theodora alikuwa barazani na Calist. Alimwona wifi yake, akainuka, akapunga mikono yote miwili, akacheka kwa meno yote thelathini na mawili, na huku anacheka hivyo akasema kwa sauti ya kawaida, "Gogo letu limerudi. Nilidhani Dina atalibakiza huko likampikie."

Calist akacheka. "Limenenepa."

"Acha linenepe. Mwezi ujao watu wa ardhi wakija nalihitaji likiwa na nguvu za kutikisa kichwa."

Kisha akamkumbatia, akaweka mdomo kwenye sikio la kulia na kupiga ukelele: "KARIBU NYUMBANI, WIFI!" Ukelele ule ulipita kwenye mashine kama msumari. Agripina aliona giza. Akasema ahsante wifi, akampa kitenge, akaingia ndani kwake, akakaa kitandani na viatu vyake.

Mtu mwingine angetoka nje na mchi. Na hata yeye aliutazama mchi. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na cha nguoni hukisaki kwa pupa, kitakimbilia kwenye mshono mwingine. Alitaka kusikia zaidi. Miaka kumi na moja alikuwa ameletewa maneno manne manne. Sasa alitaka yote.

Mwezi ule ndio alioishi kwa raha ya uchungu kuliko wote. Mashine alizivaa asubuhi, akafunga kilemba juu yake, akatoka akiwa kiziwi yule yule. Betri alibadilishia bandani kwa kuku, mgongo umeziba mlango, akihesabu mpaka sitini kabla ya kuziingiza, huku jogoo anamtazama kwa tamaa. Wakati wa kupiga alizeti vumbi lilikuwa linajaa kila mahali, kwa hiyo mchana alijifanya anakwenda kujisaidia, akakaa chooni anazipiga burashi. Theodora alimletea mafuta ya nywele, akakataa. Theodora akamwambia Calist, "Uzee umelifikia, halitaki hata kupendeza."

Siku moja nusura aumbuke. Kilemba kilibana vibaya, mashine ya kushoto ikaanza kupiga mluzi mwembamba, tii, bila kukata. Theodora alisimamisha ungo hewani. "Nyenje gani huyo mchana?" Akaanza kumtafuta kwenye mapipa, kwenye kuni, chini ya kinu. Agripina aliendelea kupepeta kwa uso wa mtu asiye na habari, kisha akajikuna kichwa pole pole na kukisukuma kilemba. Mluzi ukakoma. "Amekimbia," Theodora akasema. Agripina alitaka kucheka mpaka tumbo likamuuma, na hiyo ndiyo siku pekee ya mwezi ule aliyotaka kucheka.

Maana siku iliyofuata alisikia lile jambo. Wote watatu walikuwa uani juu ya turubai. Theodora na Calist walikuwa wanapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, Agripina yuko hatua tatu anapepeta. Calist akauliza, "Na siku hiyo ya watu wa ardhi akikataa?"

"Atakataaje jambo asilolijua? Watauliza, nitamwambia wanauliza kama ni mzima, ataitikia. Basi. Wataandika jina lako."

"Watu wanajua yeye ndiye aliyelivunja lile shamba."

Theodora akaweka fimbo chini. Aliongea pole pole, kama mtu anayesimulia ushindi wa zamani. "Mjomba wako mwenyewe alijua. Siku anakufa alinishika nguo akaniambia, 'Shamba la mbugani ni la Agripina, alilivunja kwa mikono yake, mtu asimguse. Mwambie nimesema mimi.' Ndiyo maneno aliyosema. Na huyu alikuwa amesimama hapo hapo kama gogo. Mimi nikampa neno moja tu, uvumilie. Umeona lilivyofanya kazi?"

Ungo wa Agripina haukusimama. Mikono ilijua kazi yake, ikaendelea kurusha na kupokea, na makapi yakaendelea kupeperuka. Kilichomjaa hakikuwa huzuni, kilikuwa chuki tupu, safi, ya kuweza kumlisha mtu mwaka mzima. Shamba lilimuuma. Lakini lililomchoma ni yale macho ya Damiani. Alimngoja mkewe amjibu, na mkewe akaitikia neno lingine kabisa. Alikufa anadhani wamesikilizana.

Siku kumi na mbili zilizobaki Agripina alizitumia kumwangalia Theodora akila, akioga, akisuka mkeka. Alimpikia vizuri. Alitaka afike mbugani akiwa mzima na mwenye nguvu.

Watu wa ardhi walikuja Jumanne. Kijiji kizima kilikuwa kinahakikiwa mashamba ili watu wapewe hati za kimila, na utaratibu ulikuwa huu: wajumbe wa kamati wanatembea shamba kwa shamba, mwenye shamba anasimama kwenye mpaka wake, majirani wanasimama upande wao, kila mmoja anasema kwa mdomo wake hili ni la nani na linaishia wapi, ndipo afisa anaingiza kwenye kishikwambi na watu wanaweka dole gumba kwenye fomu. Kwa mdomo wake. Sheria ya kamati ilisisitiza hivyo, na ilikuwa sheria nzuri. Lakini Ulemo ni kijiji cha watu wenye huruma, na huruma yao ndiyo iliyowaponza. Afisa, binti aliyeitwa Catherine, alipofika mpaka wa minyaa wa shamba la mbugani na kumwuliza mjane aseme, mwenyekiti wa kijiji, Mzee Stanley, alimwambia kwa upole, "Huyu mama hasikii, binti yangu. Siku zote wifi yake ndiye anayemsemea. Tusimsumbue."

Wajumbe wakakubali. Mzee Stanley huyo huyo alikuwa mmoja wa waliopita njia ile zamani na kumwona Agripina na shoka. Hakukumbuka, au alikumbuka akaona bora amani.

"Haya," Catherine akasema. "Mama Theodora, tueleze."

Theodora akajitanda kile kitenge alicholetewa zawadi. Akaeleza. Shamba hili lilikuwa la kaka yake, marehemu. Kaka kabla ya kufa alilitamka mbele yake kuwa ni la Calist, kwa kuwa ukoo hauna mtoto mwingine wa kiume. Mjane mwenyewe alikuwepo, alisikia, aliridhia.

"Mwulize kama bado ameridhia."

Theodora akamsogelea wifi yake, sikio la kulia. "WANAULIZA KAMA UMEPONA MIGUU!"

Watu walikuwa mbali kidogo, na hata waliosikia walidhani ndivyo viziwi wanavyoongeleshwa, kwa kuzunguka. Agripina akaitikia kwa kichwa. Tena akatabasamu.

"Ameridhia," akasema Theodora.

Agripina aliacha waandike. Aliacha jirani wa juu aseme hana pingamizi, na jirani wa chini. Aliacha Calist aweke dole. Aliacha Theodora asomewe onyo kwamba shahidi anayesema uongo mbele ya kamati anashtakiwa, aitikie ndiyo ninaelewa, achovye dole kwenye wino na kulikandamiza kwenye karatasi. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Alipoona wino umekauka, akakifungua kilemba chake, akakikunja mara mbili, akakiweka begani.

"Miguu yangu haijawahi kuumwa," akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida. Kwa miaka mingi watu walikuwa wamemzoea akipayuka kama viziwi wote wanavyopayuka, na sasa alikuwa anaongea kama wao. Kisha akamgeukia Catherine. "Binti, wewe ulisema, mwulize kama bado ameridhia. Yeye akaniuliza kama nimepona miguu. Mzee Stanley ulisema tusimsumbue. Ahsante, Mzee Stanley. Calist, wewe ulipokuwa unaweka dole ulimnong'oneza mama yako kwamba wino unanuka."

Calist aliufuta mkono kwenye suruali. Theodora alikuwa anaangalia zile mashine nyuma ya masikio, moja, nyingine, tena ya kwanza. Ucheshi ulikuwa umemtoka usoni wote.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu nilipokuletea hicho kitenge. Nimekusikia mwezi mzima, wifi. Nimekusikia juu ya turubai la alizeti. Sasa waambie hawa maneno ya kaka yako."

"Maneno gani?"

"Ya kitandani. Wewe ndiwe uliyeyasikia. Mimi sikuwa na masikio."

Catherine alitaka kusema kitu kuhusu fomu, Mzee Stanley akamzuia kwa mkono. Sasa alikuwa anakumbuka kila kitu, mzee wa watu, mpaka rangi ya shoka. Theodora aliangalia huku na huku. Kukataa kulikuwa hatari, uongo wa miguu ulishaonekana na dole lake lilikuwa tayari kwenye karatasi chini ya lile onyo. Akainamisha kichwa, akasema kitu kidogo kifuani.

"Sijasikia," akasema Agripina.

"Alisema... shamba ni la Agripina."

"Masikio yangu mabovu, wifi. Sema kwa nguvu. Wewe unajua jinsi ya kunisemesha. Njoo hapa."

Akamwonyesha kwa kidole sikio la kulia. Hapo ndipo watu wengine walipoona haya, na mama mmoja akasema basi inatosha, dada. Agripina hakumgeukia. Theodora akaja, hatua sita juu ya udongo mweusi, akasimama mahali pake pa miaka yote, akapiga ukelele huku machozi yanamtoka: "ALISEMA SHAMBA LA MBUGANI NI LA AGRIPINA! ALILIVUNJA KWA MIKONO YAKE! MTU ASIMGUSE!"

Mashine zililia. Kichwa kilimuuma kwa siku mbili. Agripina alisimama wima akaupokea ukelele wote, akafumba macho, akasema, "Rudia. Mwisho sijashika."

Akarudia. Ndipo Catherine akachana fomu na kuandika nyingine.

Dina alikuja Jumamosi iliyofuata, mtoto mgongoni, na hasira za siku nne. Alitaka shangazi yake afungashwe siku hiyo hiyo. Calist alikuwa ameshaondoka kwa aibu zake kwenda kutafuta maisha Kahama.

"Mama, mfukuze. Au basi msamehe. Kukaa naye hivi ni nini?"

"Nimfukuze akapumzike?" Agripina akasema. "Aende mahali wasikomjua, aanze kucheka tena? Atakaa hapa hapa. Atapita mbele yangu kila siku."

Ndivyo ilivyokuwa. Alimwachia chumba chake na sahani yake. Kitu alichokitaka ni kumsikia akinung'unika, akilia, akijitetea kwa majirani, na masikio aliyatayarisha kwa ajili hiyo, yamefutwa, yana betri mpya. Na Theodora akamnyima. Hakusema neno. Alifagia uwanja, akachota maji, akasonga ugali, akala, bila hata kuguna. Salamu aliitikia kwa kichwa. Wageni wakaacha kuja, nani anataka baraza la namna hiyo. Wiki tatu Agripina alikaa na mashine zake zinazosikia mpaka mchwa kwenye nguzo, na uwanja ule ulikuwa kimya kuliko enzi za ukiziwi wake. Ushindi ulianza kupoa kama uji.

Siku ya ishirini na mbili, mchana, walikuwa jikoni. Theodora anakoroga mlenda, Agripina anachagua mawe kwenye dengu za shamba lake la mbugani. Theodora akaongea bila kugeuka, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa sana bila kutumika.

"Alisema na jingine."

Agripina akashusha ungo. "Nani?"

"Kaka. Baada ya la shamba. La shamba halikuwa la mwisho. La mwisho lilikuwa lako wewe, alilisema akikuangalia. Hata Calist sijawahi kumwambia."

"Lipi?"

Theodora akaonja mlenda, akaongeza chumvi.

"Theodora. Alisema nini?"

Akaepua chungu, akakifunika, akapita mbele yake akiwa amenyooka vile vile alivyokuwa amenyooka siku aliyokuja kutoka Mkalama, akaenda kuanika nguo.

Agripina anajua inawezekana ni uongo. Ni wifi yake, anamjua. Amemtishia kumtoa, Theodora akaanza kufungasha bila haraka, na Agripina mwenyewe ndiye aliyemnyang'anya mfuko mlangoni. Amemletea Mzee Stanley, amemletea mchungaji. Hakuna aliyepata kitu. Katika dunia nzima kuna kichwa kimoja tu ambamo sauti ya Damiani ya siku ile bado imo, na kichwa chenyewe ndicho hicho.

Kwa hiyo kila asubuhi anafungua kopo, anafuta mashine kwa kitambaa kikavu, na betri ikiisha anabandua kikaratasi cha nyingine na kuhesabu mpaka sitini. Hazivui mchana tena hata akiwa amechoka. Msimu huu wa baridi Theodora ameanza kukohoa, na Agripina humchemshia uji wa uwele, humpelekea mwenyewe, na humkalia mpaka amalize, sikio la kulia upande wake, kwa sababu hataki afe kabla hajasema.